Nyota Niliyosomewa kwa Jina la Mama wa Kambo

Ubani ulikuwa unafuka sebuleni kwa mama mkwe wangu, hapa Nyakahura, na chini ya ubani nikanusa damu. Mnajimu alikuwa amempakata binti yangu Kevina, wembe mkononi, chale mbili tayari kwenye paji la uso. "Tunamwosha nyota, mkamwana," mama mkwe akasema, kama mtu anayesuuza kikombe. Niliokota mchi nikampiga yule mzee kwenye mkono wa wembe, nikasikia mfupa ukialika.

Nilimjua. Nilipokuwa darasa la pili, kule Murukulazo, msimu ule ndama wetu walipokuwa wanakufa, baba alimwita huyo huyo atafute nyota ya nani inayowaua. Zizi lilinuka mizoga na moshi wa mavi makavu, na sisi watoto tulipangwa ukutani kama mbuzi wa mnada. Kazi yake ina kanuni: kila herufi ina namba yake; namba za jina lako na za jina la mama aliyekuzaa zinajumlishwa, zinagawanywa kwa kumi na mbili, kinachobaki ndiyo nyota. Ukikosea jina la mama, umemsoma mtu mwingine. Sasa mama yangu alikuwa amekufa, na baba alishakataza jina lake lisitajwe nyumbani. Alipoulizwa akataja la mama wa kambo: "Adela." Nikasema, "Adela hakunizaa." Kofi la baba likanirusha hadi kwenye mavi ya ng'ombe. Mnajimu akacheka, akaendelea kuhesabu kwa kidole mchangani. "Ng'e huyu. Anauma wanaomlisha."

Toka hapo kila ndama aliyekufa alifia mgongoni mwangu. Baba alitumia fimbo ya kuswagia ng'ombe, Adela mwiko uliotoka kwenye ugali wa moto. Msimu mzima nililala kifudifudi, nikijiuliza nyota yangu yenyewe ni ipi. Mpaka leo siijui, na siitaki tena.

Kwa hiyo mzee alipokuwa anagaagaa sakafuni, nilimuuliza mama mkwe swali moja tu.

"Ulimpa jina la nani?"

"Langu. Mtoto ni wa ukoo huu, wewe umepita tu."

Nilimfunga Kevina mgongoni, damu yake ikinilowanisha shingo, nikaenda polisi, dawati la jinsia na watoto. Askari alinitazama, akatazama mchi ambao bado nilikuwa nimeushika.

"Dada, kwa mama mkwe wako wameshapiga simu, wanasema aliyevunjwa mkono ni mnajimu."

"Andika na hilo. Ila anza na la mtoto."

"Haya. Jina la mama yako mzazi?"

Mimi utotoni nilisimama ukutani mwa zizi bila wa kunisemea, Kevina anaye. Nikalitaja jina lile kwa sauti, mara ya kwanza tangu azikwe, na malalamiko yangu yakaandikwa hivi: Mimi Jeneroza, binti wa Spesioza, namlalamikia mnajimu huyo kwa kumkata kwa wembe mtoto Kevina, niliyemzaa mimi.