Tumbo Tupu la Buddha wa Bibi Yangchen

Kaka yangu Sanukaji hufinyanga sanamu kwa nta, huivika udongo uliochanganywa na samadi, kisha huyeyusha nta na kumimina shaba mahali pake. Mimi, Nhuchhe, huchonga nyuso na mikono, na mwisho huziba tumbo. Ndiyo kazi yangu hapa mjini Patan tangu nilipoacha shule darasa la tano. Sina maneno mengi, na kazi hii haiyahitaji.

Bibi Yangchen alituletea karatasi za sala zilizoviringishwa katika kitambaa cha njano. Marehemu mumewe aliziandika mwaka mzima, mkono ukimtetemeka. Bibi alitaka ziwekwe ndani ya Buddha wake, maana kwetu sanamu isiyo na sala tumboni ni chombo tu.

Lama, mtawa wa Kibuddha, alizibariki. Nikaziweka rafuni zisipate masizi. Mara ngoma zikasikika: gari la mungu wa mvua lilikuwa linaingia mtaani, na kila mwanamume hukimbilia kamba kulivuta. Nikatia nafaka na ubani tumboni, nikagongelea bati la shaba, nikatoka mbio.

Karatasi nilizikuta baada ya miezi minne, nyuma ya kopo la nta, sanamu ikiwa kwa bibi zamani.

Sanukaji alikitazama kitambaa, akaguna. "Mkono wako dhahabu, mdogo wangu, ila kichwa chako ni kama kalibu. Moto ukipita hakibaki kitu."

"Nifanyeje, kaka?"

"Nyamaza. Bibi wa watu ana furaha. Unataka kumnyang'anya?"

Nikanyamaza siku tisa. Kilichonishinda ni mkono wa kuume wa sanamu. Buddha ameushusha juu ya goti, vidole vikigusa ardhi, kwa kuwa aliiita ardhi imshuhudie. Vidole hivyo nimevichonga miaka thelathini. Juma lile tindo iliniteleza nikaharibu ukucha wa sanamu nyingine.

Siku ya kumi nilikwenda Boudha, anakoishi bibi. Nilimkuta bibi akijaza maji vikombe saba mbele ya sanamu.

"Karibu, fundi. Mbona umenuna kama uliyefiwa na mbuzi?"

Nikaweka kitambaa mezani. Alikitambua, akakaa chini taratibu.

"Miezi minne," alisema. "Kila asubuhi naongea na mzee wangu hapa. Hata habari za goti langu nimemweleza."

"Nisamehe, bibi. Nilikimbilia gari."

"Mkalifikisha?"

"Lilikwama konani."

"Mlistahili."

Hakusema amenisamehe, wala sikuthubutu kuuliza. Kesho yake lama alikuja akaiomba baraka itoke kwa muda ndani ya sanamu. Bibi akaifunika sanamu macho kwa shali yake. Nikailaza mapajani, nikalibandua bati kwa tindo. Ndani mlikuwa na nafaka zangu chache na giza.

Nilipomkabidhi bibi karatasi ili aziweke mwenyewe, alinirudishia.

"Weka wewe," alisema, akivuta kigoda karibu. "Polepole. Mara hii natazama."