Kitenge Changu Ukutani

Namshukuru mwalimu wa malezi wa shule ya binti yangu. Yeye alinificha, nikajianika mwenyewe.

Kwenye kikao cha wazazi alituonyesha ukutani picha iliyotoka mtandaoni: mama na bintiye wa kidato cha pili, nyuso zimefichwa. Akasema mama huyo aliandika jina la shule na njia anayopita mtoto kurudi nyumbani. Mtu asiyemfahamu akaanza kumwandikia binti, anataka kujua anatoka saa ngapi. Binti hakujibu, akamwonyesha mwalimu.

Nikasimama. Nikasema mama wa namna hiyo hana akili, anatafuta sifa kupitia mtoto. Mimi wangu nimemfundisha asiwajibu watu asiowajua. Nilipigiwa makofi, nikanogewa. Haikunijia kabisa kuwa nami niliweka picha, maana hiyo yangu niliiweka kwa nia njema.

Jirani yangu wa mtaani kwetu Likombe akanivuta nguo. "Mama Somoe, kaa. Kitenge cha kwenye picha ndicho ulichovaa."

Nilipogeuka, ukumbi mzima ulikuwa unanitazama.

"Tumshukuru mama," mwalimu akasema taratibu, akizima picha. "Binti yule kweli alifundishwa."