Kumpeleka Samaki Kliniki

Kama uliniona Alhamisi ile nimekumbatia jerikeni kama mtoto mwenye homa, usicheke. Ndani kulikuwa na mgonjwa. Kikundi chetu hapa Kalimoni, watu kumi na wawili, tulichimba kidimbwi tukaweka tilapia, na miezi minane baadaye walikuwa bado hawajapita kidole gumba. Mwenye hoteli mmoja wa Ruiru alikuwa ameahidi kununua, ila alisema tumpigie simu siku samaki akienea sahani. Wetu walikuwa wa kuenea kijiko.

Hilo peke yake ningelivumilia. Lakini kidimbwi kilichimbwa kwenye nduma za Cucu, mama mkwe wangu, pale chini penye majimaji alipolima tangu alipoolewa. Mimi ndiye niliyemwomba hiyo sehemu, nikamwambia samaki wana faida kuliko nduma. Alinitazama akasema, "Sawa, chukua." Tangu hapo kila asubuhi aliniuliza, kwa sauti tamu kabisa, samaki wangu wameamkaje. Afadhali angenitukana. Sasa wanachama walikuwa wamechoka, na mkutano wa Jumamosi ungeamua kama tufukie shimo tupande napia ya kulisha ng'ombe. Nilikuwa nimeng'oa nduma za mwanamke mzee bure, na aibu hiyo ilikuwa yangu peke yangu.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda pikapu ya Kamau, anayepeleka maziwa ya majirani Thika. Niliweka jerikeni mapajani, samaki mmoja ndani na maji ya kidimbwi. Kamau alilitazama tangu tunatoka Kalimoni mpaka tunaingia barabara kuu.

"Huyo ni wa kulazwa ama anarudi leo?" akauliza.

"Endesha gari, Kamau."

"Naendesha. Nauliza tu kama ana kadi ya bima."

Thika, saa mbili kasoro. Niliingia kibanda cha chai karibu na soko, nikafungua kifuniko mgonjwa apate hewa. Mama wa kibanda alichungulia akaniuliza kama anikaangie. Nilikataa haraka, akanishangaa. Ukweli ni kwamba umri wangu wote sikuwa nimewahi kula samaki. Kwetu wazee walisema samaki ni ndugu ya nyoka, na ingawa tumesoma na tunaenda kanisani, jambo la utotoni halitoki hivi hivi. Nilikula mandazi mawili nikatafuta boda.

Kutoka hapo ni kuelekea mashariki. Mashamba ya kahawa yakabaki nyuma, miti ikawa mifupi, na vumbi likanipaka mpaka nyusi. Kila penye tuta nilimwambia mwenye boda apunguze kwa sababu ya mgonjwa, naye alipunguza kwa heshima, akidhani ni mimi.

Saa nne nilifika kwa Mama Mueni. Yeye ni Mkamba, mwenyekiti wa kikundi ambacho watu wa kwetu hukisifu sana, na nilikuwa nimempigia simu mapema. Banda lake la kuku limejengwa juu ya kidimbwi, mbolea inaanguka majini. Maji yakichakaa wanayaelekeza kwenye sukuma wiki, na majani yanayozeeka wanapewa mbuzi. Alitupa wavu mara moja akavuta samaki wapana kama kiganja cha mwanaume. Nilisikia wivu, sitadanganya.

"Haya, Mama Njoki, tumuone huyo wako," akasema.

Alimimina jerikeni kwenye karai. Samaki wangu alizunguka mara moja akatulia. Pembeni yake, chini ya maji, kulikuwa na vitu vya manjano kama punje za mtama.

"Hiyo ni nini?" nikauliza.

"Mayai. Alikuwa ameyabeba mdomoni, safari imemtingisha akayatema. Umeniletea mama mzazi."

"Mdogo hivyo?"

"Huyo si mdogo, ni mtu mzima aliyekosa nafasi. Wanazaa, watoto wanazaa, wajukuu wanazaa. Chakula ni kile kile. Niambie, mlikula lini mara ya mwisho?"

Nilijibu kwamba nilikula mandazi Thika asubuhi. Mama Mueni alishika kiuno.

"Samaki, Mama Njoki. Mlikula lini samaki wa kidimbwi chenu?"

Nikamwambia ukweli. Tulikuwa tukiwalisha asubuhi na jioni, tukiwahesabia miezi, tukiwangojea wanenepe kama ng'ombe wa mahari. Hakuna aliyewahi kutoa hata mmoja, kwa sababu hakuna aliyejua angemfanya nini.

Nilidhani atanicheka. Kweli alicheka, lakini akaongeza kwamba kidimbwi chao cha kwanza kilikufa hivyo hivyo, maana hata wao hawakulelewa kwa kula samaki. Ndipo wakaweka sheria: kila Ijumaa kila mwanachama anapeleka nyumbani wale wadogo, na lazima wapikwe. Wakubwa wanabaki na nafasi. Msimu unaofuata, akasema, tununue vifaranga vya kiume pekee, visizaliane, lakini kwanza tule.

Kisha akaniwekea sahani. Nilijificha nyuma ya daftari nililobeba la kuandikia ushauri wake, halikunisaidia. Nilifumba macho. Mwiba wa kwanza ulinitisha, tonge la pili nikalifuata mwenyewe, na kufika kichwani nilikuwa nimeacha kuongea. Mama Mueni aliniangalia tu, akinisogezea ugali.

Jioni nilirudi na jerikeni tupu. Mgonjwa alibaki kwa Mama Mueni, kwenye beseni, na wanawe. Kamau alilitazama akaniuliza kama anipe pole.

Jumamosi asubuhi tulitoa ndoo mbili za wale wadogo, na bado maji yalikuwa yanachemka samaki. Nikawakaanga mpaka wakakauka. Niliwaeleza wanachama yote, wakaitikia vizuri sana, mpaka sinia lilipofika mbele yao. Mmoja akakumbuka amefunga. Mwingine akashika shavu, jino lilikuwa limeanza ghafla. Majembe ya kufukia shimo yalikuwa yameegemezwa pale pale, na roho yangu ilianza kushuka.

Cucu alikuwa ameketi kwenye kigoda nyuma ya wote. Akainuka na fimbo yake, watu wakampisha.

"Kwa hivyo mlitoa nduma zangu," akasema, "mkaweka kitu mnachokiogopa?"

Alimshika mmoja mkiani, akamng'ata kichwa. Tulisikia mifupa. Akatafuna taratibu, akameza, akachukua wa pili. Sijawahi kumwomba Mungu kwa sababu ya samaki, siku hiyo nilimwomba.

"Huyu anataka nduma," Cucu akasema. "Shimo msiguse. Lakini pale kando, penye unyevu, hayo majembe yana kazi."

Yule aliyefunga alifungua hapo hapo. Jumapili tulipotoka kanisani nilibadilisha viatu nikapanda nduma kuzunguka kidimbwi, Cucu akinisimamia na kunikosoa mistari. Nilienda mbali kuulizia ugonjwa wa samaki, kumbe wagonjwa tulikuwa sisi tuliowafuga bila kuwaweka mezani.

Mwenye hoteli bado hatujampigia. Cucu naye hajaacha kuniuliza kila asubuhi samaki wangu wameamkaje. Ila siku hizi, ikiwa ni Ijumaa, anauliza akiwa na sahani mkononi.