Ukumbi Mzima Ulidhani Nalia

Jamani, hii naieleza mwenyewe kabla hamjaiona kwenye video ya harusi, maana mle ndani nimeaibika nikiwa nimepambwa. Siku mdogo wangu Neema anaolewa, mpambe wake nilikuwa mimi, na kwa furaha niliyokuwa nayo (nilianza kucheza tangu bafuni) nikaamua dawa yangu ya pumu, ile ya kuvuta, ibaki kwenye begi kubwa garini, kwa sababu kipochi changu cha rangi ya dhahabu kilitosha simu na poda tu.

Mchana tukaenda kupiga picha kwenye mawe ya ufukweni, mara lile wingu la wadudu wa ziwani, mnalijua, linalopanda kama moshi, likatufunika, na kifua changu kikaanza kupiga filimbi. Nikakimbilia gari, nikavuta dawa, pumzi ikafunguka. Basi nikajiona mzima, dawa nikairudisha kwenye begi, gari likatushusha ukumbini, likaenda stendi ya Buzuruga kuchukua wageni waliotoka Ukerewe.

Jioni ukumbini, muziki umekolea, nikaitwa kutoa hotuba. Nimefika tu kwenye "Neema, tangu utoto wetu kule Nansio," pumzi ikagoma, na wala hapakuwa na mdudu hata mmoja. Kipaza sauti kikausambaza ule mluzi wa kifua ukumbi mzima, na MC, kwa sauti ya majonzi, akasema, "Wageni waalikwa, kumpenda ndugu ndiko huku." Wakaweka wimbo wa taratibu, shangazi zangu wakaja na vigelegele kunikumbatia, kila mmoja na manukato yake, huku mimi naonyesha kifua, nao wanaelewa kwamba moyo umejaa.

Aliyeelewa ni Neema. Aliacha keki, akakusanya gauni lake mkononi, akamnyang'anya MC kipaza sauti.

"Halii huyu, hapumui. Leteni gari."

Bahati gari lilikuwa ndiyo linarudi na wageni. Bwana harusi akanibeba (suti mpya, masikini), dawa nikaivutia njiani, hospitali wakaniwekea oksijeni.

Nilipotulia daktari akanieleza kwamba mwili wangu ulishatengeneza kingamwili dhidi ya wale wadudu, zikakaa juu ya seli za kinga kwenye njia za hewa, zinasubiri. Vumbi lao lilipoingia mchana, seli zikamwaga kemikali, njia zikabana. Dawa ikazilegeza, lakini seli zilikuwa zimeshaita wenzao, na hao hufika saa kadhaa baadaye, wakavimbisha njia upya. Nikamwambia mbona nilikuwa nimepona.

"Hukuwa umepona, dada. Ulikuwa umepata nafuu."

Tangu siku hiyo natumia kila siku dawa ya kuzuia pumu aliyoniandikia daktari, niwe mzima nisiwe mzima, na wadudu wakinipata sikai peke yangu mpaka kesho yake. Na nimeapa, harusini kwenu nitacheza mpaka viatu vikatike, zawadi nitaleta, ila hotuba mtafuteni mwingine.