Miwani ya Nyumba ya Kwanza

Macho yangu hayakuwa na kasoro yoyote. Naanza na hilo ili asije mtu akanionea huruma bure. Nilivaa miwani miaka miwili, darasa la saba na la nane, katikati ya miaka ya themanini, na nilivaa kwa sababu moja tu: wivu.

Boma letu lilikuwa nje kidogo ya Ahero, pale mashamba ya mpunga yanapoanza. Baba alikuwa na wake wawili. Mama yangu ndiye aliyekuwa mikayi, mke wa kwanza, na nyumba yake ilitazama lango. Mama mdogo alikaa upande wa pili wa ua, na alikuwa na binti aliyezaliwa mwezi mmoja baada yangu. Mwezi mmoja! Tuliingia darasa la kwanza siku moja, tukaketishwa dawati moja, na tangu hapo sikumbuki siku niliyomtazama bila kupima nani kati yetu amepewa zaidi.

Baba alikuwa karani wa stoo Kisumu na alikuja nyumbani Jumamosi. Sheria yake ilikuwa kwamba hakuna nyumba itakayolia. Akinunua blanketi, ananunua mawili. Sukari ikiingia huku, inaingia na kule. Mara moja alikuta duka limebakiwa na ndoo moja tu ya bati, akaiacha huko huko dukani, akaja mikono mitupu. Watu walimcheka. Alisema afadhali achekwe na barabara nzima kuliko kununiwa na nyumba moja.

Basi mwalimu wa hesabu akaandika barua kwamba ndugu yangu huyo haoni ubao; mwalimu anaandika tatu, yeye ananakili nane. Baba akampeleka Kisumu kwa daktari wa macho. Gharama yake ikawa habari ya jirani wote. Kupimwa tu, kukaa kwenye kiti na kusoma herufi ukutani, kulikula mbuzi. Miwani yenyewe, fremu na vioo, ikala ndama.

"Ndama mzima, yawa," jirani mmoja alisema, "amekalishwa juu ya pua ya mtoto!"

Ndugu yangu alirudi nayo jioni. Fremu ya kahawia, kitambaa laini cha kufutia, na kikasha cheusi kilichofunga chenyewe ukikisukuma kidogo. Haki ya Mungu, roho iliniuma mpaka ugali ukanishinda. Na shuleni ndiyo ikawa balaa. Mwalimu alimhamishia dawati la mbele. Wasichana wakubwa wakaanza kumwita Madam. Nyumbani akaambiwa asibebe ndoo kichwani, miwani isije ikaanguka, na ndoo yake akabebeshwa nani? Mimi. Nilikuwa napita na maji yananitiririka shingoni, naye amekaa kwenye kizingiti chao anafuta vioo polepole, anaviinua juu kuangalia kama vimetakata. Nilimchukia. Sisemi nilimkasirikia, nasema nilimchukia, na hakuwa amenifanyia lolote. Siku moja aliniambia, "Chukua, jaribu." Nikamwambia sitaki uchafu wake.

Sasa, nyumbani kwetu alikuwepo mtu asiyeona kweli, na mimi peke yangu ndiye niliyejua. Mama alikuwa akinunua mchele kinuni, ule wa bei ya chini uliojaa vijiwe, anauchambua kwenye uteo, halafu anauuza. Wauza mchele Ahero walikuwa tele, lakini wake ulikuwa na jina. Ungeweza kuumimina sufuriani moja kwa moja. Wenye hoteli za barabara kuu, zile wanamokula madereva wa malori, walituma watu hadi langoni kwetu. Sare yangu, chumvi, mafuta ya taa, vyote vilitoka kwenye uteo ule.

Lakini mwaka huo nilimwona akiusogeza uteo mbali, akiurudisha karibu, akiuinamisha upande wa jua. Akaanza kuniambia nipite nyuma yake, eti nizoee kazi. Nilikuwa naokota vijiwe saba, vinane, mahali ambapo yeye amekwisha kupita. Hakusema kitu, nami sikusema. Mikayi atatangazaje kwamba macho yamemwisha, na mke mdogo amekaa hapo ng'ambo ya ua, masikio wazi?

Jumamosi moja Baba aliita nyumba zote mbili, tukaketi uani.

"Nyumba ile imepata miwani," alisema. "Nyumba hii nayo ina haki yake. Nitalipia mtu mmoja, kupimwa na miwani. Awe mama, awe mtoto, amueni wenyewe. Lakini ni mmoja. Ng'ombe hawazai kila wiki."

Nilimwona Mama akijiweka sawa kwenye kigoda. Alijikuna goti, akakohoa kidogo.

"Kama ni hivyo, Baba watoto," alianza, "kuna jambo nilitaka—"

"Mimi sioni ubao!" nikasema.

Wala sisemi kwamba mdomo uliniponyoka. Niliuharakisha. Nilijua alichotaka kusema, nilikijua kabisa, na nilitaka nitangulie. Mama akageuka akanitazama.

"Tangu lini?"

"Siku nyingi. Niliogopa kusema."

Mama mdogo alikuwa anatazama, na binti yake anatazama na miwani yake usoni, na mimi nilikaza uso kama mtu mwenye shida kweli.

"Basi aende mtoto," Mama akasema. "Mwenye masomo ni yeye. Mimi nina macho yangu."

Tulipanda ngazi za jengo moja katikati ya mji, Baba mbele, mimi nyuma, nimevaa gauni la kanisani. Daktari alikuwa Mhindi wa makamo aliyezungumza Kijaluo bila kukwama hata mara moja. Malipo ya kupimwa yalitangulia; Baba alilipa kabla sijaketi, na nilimwona akizitazama noti zile zikiingia kwenye droo. Nikapandishwa kwenye kiti kirefu. Ukutani kulikuwa na herufi, kubwa juu, ndogo chini. Nilikuwa nimepanga mambo yangu tangu nyumbani. Mstari wa kwanza nikausoma. Wa pili nikausoma nikisitasita. Wa tatu nikakunja uso, nikasema ni ukungu mtupu.

Alinivika fremu nzito ya chuma, akachomeka vioo viwili.

"Na sasa?"

"Ee! Sasa naona!"

Nikasoma. Nilishuka mistari yote bila kupumua, hadi ule wa chini kabisa, hata maandishi madogo ya kiwanda kilichochapa ile karatasi nikayasoma. Nilikuwa na raha isiyo kifani. Daktari akavichomoa vile vioo, akampa Baba mkononi.

"Mzee," alisema kwa Kijaluo, "hivyo ni vioo vya dirisha. Havina kitu. Huyu mtoto anaona kuliko mimi na wewe tukijumlishwa."

Lo! Nilitamani kile kiti kinimeze. Nilingoja kofi. Baba hakunipiga, wala hakupaza sauti. Aliendelea kuvigeuzageuza vile vioo, kisha akaniuliza, akiwa bado ameinamisha macho, "Mama yako alitaka kusema neno siku ile. Alikuwa na shida gani?"

Hapo nilipewa nafasi ya pili. Mlango ulikuwa wazi, daktari yupo, mshahara wa Baba upo mfukoni. Lakini nikimtaja Mama, miwani ni yake, na mimi narudi nyumbani jinsi nilivyotoka, ndoo kichwani.

"Sijui, Baba," nikasema.

Akamrudishia daktari vile vioo, akamwambia, "Mtie hivyo hivyo vioo vitupu. Nikirudi bila miwani, nyumba yake itasema nimekula haki yao. Nikirudi na ukweli, mama yake ataaibika mbele ya mwenzake." Daktari akapunguza bei ya vioo. Fremu haikupunguzwa hata senti.

Chini, barabarani, Baba alinishika bega. "Ulitaka kuvaa. Utavaa. Na mdomo huu usifunguke kwa mtu yeyote, hata kwa mama yako. Umesikia?"

Nilisikia vizuri sana. Yeye aliniona nimeadhibiwa. Mimi nilikuwa nimechagua fremu nyeusi, pana kuliko ya ndugu yangu.

Niliringa, usiniulize. Nilihamia dawati la mbele, nikakaa bega kwa bega na Madam, nikawa natoa kikasha changu kila anapotoa chake. Ndoo sikuigusa tena. Mama naye alichangamka. Kila mteja aliyekuja langoni alisikia habari ile: "Huyu wangu naye alipimwa Kisumu. Macho si mchezo." Nilikuwa nikimsikia nikiwa ndani, na nilikuwa nafurahi. Lakini kwa kuwa sasa nilikuwa mtu wa vitabu na miwani, niliacha pia kupita nyuma yake kwenye uteo.

Haikuchukua miezi mitatu. Mama mmoja mwenye hoteli ya barabarani, mteja wa miaka, alikuja alasiri moja amefunga kitu kwenye karatasi. Hakuketi. Alifungua karatasi, ndani mlikuwa na kijiwe na kipande cha jino.

"Cha dereva wangu," alisema. "Mama, mimi nakuheshimu. Lakini ule mchele wako wa zamani uko wapi?"

Mama alimrudishia pesa zake bila ubishi. Yule mama alipoondoka, Mama alibaki amesimama na karatasi ile mkononi, akiisogeza mbali, akiisogeza karibu, na nadhani hata lile jino hakuliona sawasawa. Kisha akaja mlangoni.

"Mwanangu, hebu niazime hiyo miwani yako kidogo."

Nilimpa. Ningekataaje? Aliketi na uteo wake pale penye jua, akaivaa kwa mikono miwili, taratibu, kama anavaa kitu cha kanisa. Akainama. Akausogeza uteo karibu. Akausogeza mbali. Akaokota kitu, akakitia mdomoni, akakiuma. Ilikuwa punje ya mchele. Akajaribu tena. Mama mdogo na binti yake walikuwa wamekuja hadi katikati ya ua, maana ugomvi wa jino walikuwa wameusikia, na mimi nilisimama pale nikiomba sijui nini.

Mama akaivua miwani, akaifuta kwa kanga yake, akanirudishia.

"Bure," alisema. "Yangu yamekwisha kabisa. Hata miwani haiyaoni." Halafu akacheka kidogo. "Siku ile karibu nimwambie baba yako anipeleke mimi. Angetupa ndama wake bure. Afadhali ulienda wewe."

Ungetosha ulimi mmoja tu kufunguka. Mama, hivyo ni vioo vya dirisha. Maneno sita. Nimeyahesabu mara nyingi tangu siku hiyo.

Ndugu yangu ndiye aliyesogea. Alivua miwani yake ya kahawia, akamnyoshea Mama kwa heshima, magoti yamepinda. "Mama mkubwa, jaribu hii yangu. Labda yenyewe ni tofauti."

Leo najua isingemsaidia. Ya kwake ilikuwa ya kuonea mbali. Lakini siku ile sikujua hilo. Nilijua tu kwamba ya kwake ni ya kweli, na kwamba Mama akiivaa na kuona, mambo yangu yamefichuka, na aliyemsaidia mama yangu atakuwa yeye. Yeye tena!

Mama aliutazama mkono ule ulionyoshwa. "Asante, mwanangu," alisema. "Lakini kama ya mtoto wangu mwenyewe imenishinda, yako itafanya nini?"

Na mimi nilifurahi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Furaha ilinipanda mpaka kooni kwa kuwa Mama ameikataa ya yule akaamini yangu. Kisha Mama akaubeba uteo, akaenda nao hadi katikati ya ua, akamkabidhi mama mdogo pamoja na wateja wake wote.