Tiketi ya Nyumba ya Nyasi

Jumamosi, kwenye makumbusho hapa Kisumu, nilipanga foleni ya tiketi nyuma ya familia moja kutoka Nyamasaria. Baba alikuwa amebana mfuko wa chapati kwapani, maana chakula cha hoteli hakikuwa kwenye bajeti. Karani alipomuuliza kama anataka mtu wa kuwatembeza, alimsogeza mamake mbele.

"Wa nini? Nimekuja na huyu."

Ndani kuna boma la Kijaluo lililojengwa kwa maonyesho. Baba akawapanga watoto mbele ya nyumba ya nyasi.

"Tazameni vizuri. Hivi ndivyo watu wetu walivyoishi zamani."

Mama mzee aliupapasa ukuta wa udongo, akainama, akachungulia ndani.

"Zamani gani?"

"Zamani tu, Mama."

"Mwaka jana?"

Baba akaanza kufuta miwani.

"Yangu uliibomoa mwaka jana. Ulisema ni aibu, wageni wako watacheka. Ukanijengea ya mabati. Leo umenitoa nyumbani na kunilipia tiketi, ili unionyeshe nyumba yangu?"

Watoto wote wakamgeukia baba. Akawaambia twendeni, chapati zinapoa.

Nilicheka peke yangu mpaka nikafika chumba cha vyombo. Humo, ndani ya kabati la kioo, kilikuwapo chungu kama kile cha nyanya yangu, nilichokitupa mwenyewe siku nilipomnunulia sufuria. Kando yake wameweka kibao: Tafadhali usiguse.