Siku Tuliyoogopwa Walikale

Juzi nilikuwa kwenye mstari wa maji hapa Kitshanga, nikamsikia kitukuu wangu akimwambia mwenzake, "Usiguse bidoni ya ule mama. Kwabo banakulaka bantu." Aliyasema bila chuki, kama mtu anayesema mvua inakuja. Niliketi juu ya bidoni yangu mwenyewe, dumu la maji lililokuwa bado tupu. Maneno yale, kwamba kwao wanakula watu, niliwahi kuyasema mimi, nikiwa na umri kama wake. Jioni nilimkalisha karibu yangu nikamsimulia haya ninayokusimulia wewe.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita ya pili ya Wazungu. Tuliishi juu ya kilima upande wa Kirolirwe. Asubuhi iliamka na harufu ya maharage yaliyolala jikoni, na sauti ya bibi, mama yake baba (kwetu bibi na babu wote huitwa tate), akitikisa kibuyu cha maziwa mpaka siagi ijikusanye. Nilichota maji, nikafagia uwanja, nikachukua viazi viwili vya kuchoma, kimoja kila mkono kwa ajili ya baridi, nikashuka shuleni. Darasani wasichana tulikuwa wanne tu.

Mwalimu wetu alitoka Walikale, kule chini porini. Shati lake lilifungwa vifungo hadi shingoni na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa mchungaji. Lakini sisi tulimwogopa. Siku moja alinipa ndizi ya kuchoma, nikaitupa nyuma ya choo, kisha nikanawa mikono. Wakubwa walituambia watu wa pori wanakula watu, nasi tuliamini.

Maneno yetu yalimfikia. Asubuhi moja aliweka chaki chini.

"Munasema kwetu banakulaka bantu," alisema. "Sawa. Munipatie jina ya muntu moya mwenye balikula."

Wa mbele tuligeuka kuwatazama wa nyuma.

"Hata moya?"

Fimbo ilikuwa mezani na hakuishika. Alisema tu kwamba kamio, lori la misioni, ikishuka kuchukua mafuta ya ngazi, yale mawese mekundu, darasa letu litashuka nayo, tukaone kwao kwa macho yetu.

Baba alikubali kwa sababu mke wa mchungaji alikuwa anakwenda. Bibi hakukubali. Alfajiri ya safari alitwanga majani machungu, akanipaka maji yake tangu shingoni hadi visiginoni. "Bakikuonja, batakutema," alisema. Hakuwa anatania.

Barabara ilishuka na baridi ikabaki nyuma. Hewa ikawa nzito kama mvuke wa chungu, na miti ikakutana juu ya vichwa vyetu. Tulifika mchana. Wanawake walikuwa wanatwanga sombe, majani ya muhogo, nasi tulisikia michi kabla hatujaona nyumba. Kamio iliposimama, tukaanza kuteremka, michi ikanyamaza. Kisha zikaanza kelele. Akina mama walinyakua watoto wakakimbilia porini, vyungu vikabaki motoni. Niligeuka nyuma nione ni mnyama gani amekuja. Nyuma yangu hapakuwa na kitu, ni kamio tu.

Alibaki msichana mmoja wa kama miaka saba, mgongo ukutani, amemficha mdogo wake nyuma yake. Mkojo ulikuwa unamtiririka miguuni. Hakumtazama mwalimu. Alinitazama mimi, akawa anasema kitu kimoja kwa lugha yao, tena na tena.

"Anasema nini, mwalimu?"

"Anasema mumubebe yeye, mumuache mudogo yake."

"Tumubebe wapi?"

"Kule ku milima. Kwenye munakulaka bantu."

Nimeona mengi tangu siku ile. Nimekimbia Masisi usiku na sufuria kichwani. Lakini sijawahi kushtuka kama nilivyoshtuka pale, nikiwa na miguu yangu myembamba na gauni la Jumapili, kujua kwamba mtoto alikuwa tayari kunipa mwili wake ili nishibe.

Sijui nani alinituma. Nilipiga magoti mbele yake nikamnyooshea mkono. "Mwalimu, umwambie tate alinipakala majani ya buchungu, juu banatuambiaka ni bantu ya huku banakulaka bantu. Anuse."

Mwalimu alitafsiri. Msichana alinusa, akatazama uso wangu, akanusa tena. Kisha akaulamba mkono wangu kwa ncha ya ulimi, akakunja uso wote. Mdogo wake akataka kuonja na yeye. Hapo ndipo msichana alipocheka, na akina mama wakaanza kutoka porini mmoja mmoja.

Mama yake mwalimu alitupakulia ndizi na sombe nyekundu kwa mafuta, nikala hadi kidevu kikang'aa. Tulipomweleza kwamba kwetu tunakunywa maziwa ya ng'ombe, aligeuza uso kwa kinyaa, akaomba radhi. Kisha akatueleza kwa nini walitukimbia. Wakati wa vita ilikuja kamio kama ile yetu, pamoja na kapita, mnyapara wa Wazungu, wa kutoka milimani, wakachukua wanaume kwenda kuchimba madini. Hawakurudi. Watoto walipouliza, wakubwa waliwaambia wameliwa. Hawakuwa na jibu lingine.

Nyumbani nilimsimulia bibi nikidhani tutacheka pamoja. Alikuwa anachambua maharage. Vidole vyake vikasimama.

"Ni tate yako njo alikuwa kapita," alisema, akimaanisha mume wake, marehemu babu yangu. "Ile bulangeti unajifunikaka, njo Bazungu balimupatia ku ile kazi."

Blanketi lile nililala nalo tangu nilipokuwa mdogo. Usiku huo nililala bila kujifunika.

Jumatatu nilisimama mbele ya meza ya mwalimu. Alikuwa anasahihisha vibao vyetu.

"Mwalimu, ule kapita alikuwa tate yangu."

Alimaliza kibao alichokishika, akakiweka chini taratibu. "Ninajua. Tangu siku ya kwanza nilisoma jina yako mu liste." Akachukua kibao kingine. "Kaka yangu alikuwa mu ile kamio. Rudia ku nafasi yako."

Nafasi yangu ilikuwa benchi la mbele, karibu kabisa na meza yake. Yeye mwenyewe ndiye aliyenikalisha pale, siku ile ya kwanza.

Shule ile haipo tena. Kilima kimekuwa malisho ya mtu nisiyemjua, na nyumba ya bibi huwezi kuonyesha hata mahali iliposimama. Mwalimu alirudi kwao karibu na uhuru, na barabara ya kushuka Walikale ikafa kidogo kidogo, hadi habari za huko zikaacha kutufikia. Leo watoto wetu wanajuana kwa uvumi tu, na hakuna anayewapakia katika kamio wakajionee. Baada ya safari ile mwalimu aliniita ubaoni kila asubuhi miaka miwili mizima, akaniwekea chaki mkononi, akanisubiri kwa upole nilipokosea. Nami, kwa miaka yote miwili, sikumwambia pole.